Kiungo cha Tela Kinapolegea

Leo twataka kusema habari za chuma kidogo ambacho aghalabu hakiangaliwi mpaka siku kiletapo msiba. Ni kile kichwa cha mviringo kilichofungwa nyuma ya motokaa, ambacho tela huvikwa juu yake. Sisi tutakiita tufe, na kile kipande cha tela kinacholifunika tutakiita kikombe. Mzigo wote wa mahindi au wa maji hukokotwa kwa vitu hivyo viwili. Na tela likikatika mtelemkoni, halina dereva wala honi ya kuwaonya watoto watokao shule.

Dereva husikia kabla hajaona. Aondokapo, husikia "ko!" nyuma yake, akanyagapo breki, "ko!" tena. Wengi husema ni ubaya wa barabara, wakaendelea na safari. Lakini mlio ule ni chuma kigongacho chuma kwa kuwa kimepata nafasi, na kila pigo huizidisha nafasi ile.

Ulegevu waweza kukaa mahali pengi, na kazi yenyewe ni kujua ni wapi. Chuoni kwetu lilikuwako tela la kuchukulia kuni na unga. Lilipogonga, likanunuliwa tufe jipya. Likagonga vile vile. Likanunuliwa la pili, na hali haikubadilika. Mwishowe mwanafunzi mmoja akachora mstari wa chaki, akaonyesha kwamba tufe halikuwa na hatia: tundu la bamba linaloshika shina lake lilikuwa limetanuka likawa kama yai. Fedha ya matufe mawili ilikwisha kwenda bure.

Njia ya mwanafunzi yule ni njema, nayo ni hii. Pakueni mzigo, vuteni breki ya mkono, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha choreni chaki kuvuka kila maungio: toka nati hata bamba, toka mhimili wa chuma hata bomba la mraba ulimochomekwa, toka fremu hata chasisi. Mtu mmoja autikise mkono wa tela juu na chini, kisha mbele na nyuma. Mwenziwe aangalie kwa macho, wala asitie kidole, maana nafasi ile hubana. Mstari ukatikapo, hapo ndipo penye ugonjwa. Tena tazameni kama pana vumbi jekundu la kutu kandokando ya bolti: bolti ya namna hiyo yacheza, ijapokuwa yaonekana imekazwa.

Ikiwa mistari yote imesimama sawa, basi lipimeni tufe. Yaliyo mengi ya namna ya Ulaya yana upana wa milimita 50 yakiwa mapya. Likipungua chini ya 49 mahali po pote, litupwe. Futeni grisi kwanza, mkapime kwa kalipa, si kwa rula. Pimeni toka mbele kwenda nyuma, kisha toka ubavu hata ubavu, maana tufe huliwa zaidi upande wa kuvutwa na kusukumwa, na kipimo kimoja chaweza kusema uongo. Wako mafundi wanaolijaza tufe lililolika kwa kulichomelea. Sisi hatuwakubali kamwe; moto hubadili nguvu ya chuma.

Tufe likiwa zima na mlio ungaliko, kitazameni kikombe na kufuli yake, na hasa ulizeni kama viwili hivyo ni vya kipimo kimoja. Tufe la Marekani la inchi 1 na 7/8 ni milimita 47.6 tu. Laweza kuingia katika kikombe cha 50, na kufuli ikafunga mbele ya macho yenu. Lakini likipata shimo njiani, kikombe huruka.

Kuhusu mhimili uingiao katika bomba la mraba, msiogope mchezo mdogo: umefanywa mwembamba kidogo ili upate kuingia. Ila pini yake ikiwa imeliwa kiuno, nunueni nyingine.

Mkiisha kukaza na kulivika tela, tieni jeki chini ya mkono wake karibu na kikombe, mkainue polepole. Nyuma ya motokaa ikiinuka pamoja nao, kufuli imeshika. Pitisheni minyororo miwili kwa kupishana chini ya mkono, ili ukianguka uangukie minyororo na si ardhi. Nanyi mkiisha kwenda kilomita chache, simameni mkaiangalie chaki ya nati. Ikiwa imekatika, kazeni tena kabla hamjaingia mtelemkoni.