Kitambaa cha Kugandisha Damu, na Kazi ya Mkono

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wakulima wa kahawa na chai, Murang'a)



Kwa kuwa najua ya kwamba wengi wenu mmeacha ng'ombe wakingojea majani nyumbani, nitaingia katika neno lenyewe bila ya kuzunguka.

Mwili wa mtu mzima una damu kadiri ya lita 5. Akipoteza lita 2, uhai wake umo katika hatari kubwa. Na mshipa mkubwa wa paja ukikatika, kiasi hicho chaweza kumwagika kwa dakika chache tu, kabla birika la chai halijachemka jikoni. Sasa hesabuni wenyewe. Nchi hii ya Murang'a ni nchi ya migongo na mabonde. Nyumba iliyo ng'ambo ya mto waiona kwa macho, na mwenyewe ukimwita kwa jina ataitika. Lakini kumfikia kwa gari hapana budi kushuka mpaka darajani na kupanda tena upande wa pili. Mtu aliyekatwa na panga huko juu ya Kangema au Kiriaini hawezi kuokolewa na gari la wagonjwa litokalo mjini, ikiwa hapana mtu aliyemzuilia damu pale pale alipoanguka. Mganga wake wa kwanza ni jirani yake.

Na mambo yanayokata watu hapa kwetu hayahitaji kutafutwa. Panga lateleza mkononi wakati wa kupogoa kahawa. Mashine ya kukatia nepia yashika vidole vya mtoto aliyetumwa kulisha ng'ombe. Msumeno wa kiwanda cha mbao, na pikipiki zigonganazo na magari katika barabara kuu ya Kenol na Sagana, haya yote mwayajua kuliko mimi.

Ajali ikitokea, watu hukimbilia nini? Wengine huchota udongo wakaumimina juu ya jeraha. Wengine hutia unga wa kahawa, au sukari, au ugoro, au mafuta ya taa. Siwacheki, kwa maana wanaofanya hivyo wanataka kuokoa. Lakini udongo wa shamba, na hasa ule uliochanganyika na mavi ya wanyama, una vijidudu vya pepopunda, na mtu aliyeponyoka kufa kwa damu siku ya Jumatatu aweza kufa kwa pepopunda majuma mawili baadaye. Na damu itokayo kwa nguvu husukuma unga wote nje kama mto usukumavyo majani makavu.

Sasa niwaeleze habari ya vitambaa vinavyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Mwaka 2003, katika vita vya Iraq, askari wa Marekani walichukua pakiti za chembechembe za jiwe liitwalo zeolaiti, zikiuzwa kwa jina la QuikClot. Chembe hizo zilinyonya maji yaliyomo katika damu, na damu iliyobaki ikawa nzito ikaganda. Zilisaidia, lakini zilikuwa na ubaya wake: zilipokutana na maji zilitoa joto kali hata nyama ya jeraha ikaungua. Kwa hiyo mafundi wakatafuta njia nyingine, na mwaka 2008 jeshi hilo likachagua shashi, ile nguo nyembamba nyeupe ya hospitali, iliyotiwa kaolini.

Kaolini ni nini? Ni udongo mweupe laini, ule ule unaofinyangiwa vikombe vya kauri. Damu yetu ina vitu vingi vinavyongojeana kama watu waliopanga mstari. Wa kwanza akiguswa humwamsha wa pili, wa pili humwamsha wa tatu, mpaka mwisho zikafanyika nyuzi nyembamba zinazonasa chembe za damu na kuwa donge la kuziba tundu. Kaolini humgusa huyo wa kwanza, na kazi yote ikaanza upesi zaidi.

Iko na aina ya pili, itumiayo kitosani, ambayo hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. (Ndugu zetu wa Pwani huyatupa maganda hayo kila siku!) Kitosani huvuta chembe nyekundu za damu zikashikamana nayo kama utomvu, na kwa sababu hiyo yaweza kusaidia hata kwa mtu ambaye damu yake ni nzito kuganda, kama mzee anywaye dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Moja ya vitambaa hivyo huitwa Celox.

Najua tayari kuna mtu anayesema moyoni: kumbe udongo wafaa! La, Bwana. Kaolini ya kitambaa imesafishwa, imeuawa vijidudu, na imeshikamana na nguo yake ili itoke pamoja nayo. Sikilizeni yaliyowapata hata wenye maarifa. Palikuwa na unga mwingine wa udongo, jina lake WoundStat, ulioonekana kuzuia damu vizuri sana katika majaribio. Halafu ikagunduliwa kwa wanyama ya kwamba chembe zake ziliingia ndani ya mishipa na kufanya madonge ya kuiziba. Mwaka 2009 jeshi la Marekani likawa limeuacha. Ikiwa udongo uliotengenezwa kiwandani uliweza kudhuru hivyo, wa kando ya njia tuuseme nini?

Lakini jambo ninalotaka mshike kuliko yote ni hili: kitambaa hakifanyi kazi peke yake. Katika majaribio ya mwaka 2011 waganga walilinganisha vitambaa kadhaa vya namna hiyo na shashi ya kawaida, kwa nguruwe waliolazwa kwa dawa, na hawakuona tofauti ya maana. Majaribio mengine yameonyesha faida ya vitambaa hivyo, nami kwa maoni yangu ni vyema kuwa navyo. Hata hivyo kilichozuia damu katika yote ni mkono uliobana. Mwenye pakiti ya bei kubwa asiyebana atampoteza mgonjwa, na mwenye leso safi anayebana kwa uzito wa mwili wake aweza kumwokoa.

Basi fanyeni hivi. Vaeni mipira ya mikono ikiwa ipo. Fungueni nguo mpaka jeraha lionekane, mkatafute mahali hasa damu inapotoka. Ikiwa jeraha ni refu kwenda ndani, kitambaa kisiwekwe juu tu kama kifuniko cha sufuria. Kisukumeni ndani kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka kifike kwenye mshipa na shimo lijae. Kisha wekeni mikono miwili, nyosheni viwiko, mkabane. Kitambaa chenye dawa chataka dakika 3 kamili kwa saa. Shashi ya kawaida au leso, dakika 10. Msiinue mkono kuchungulia, maana donge lililoanza kufanyika litavunjika. Damu ikipenya, ongezeni nguo nyingine juu na kubana zaidi.

Mahali panapohitaji kitambaa hiki kuliko pengine ni kinena, kwapa na chini ya shingo, ambako haiwezekani kufunga ukanda. Kwa mkono au mguu unaomwaga damu kwa nguvu, ukanda mpana ndio wa kwanza: ufungwe juu ya jeraha kadiri ya upana wa vidole vitatu au vinne, si juu ya kiungo cha goti wala kiwiko, ukazwe kwa kijiti mpaka damu isimame, na saa ya kuufunga iandikwe. Usifunguliwe njiani, muda wa saa 2 usipite kabla ya kufika hospitali. Kamba ya katani na waya hazifai, hukata nyama.

Jeraha la kifua au la tumbo halijazwi kitambaa, kwa kuwa damu yake humwagika ndani ambako kidole hakifiki. Huyo apelekwe mbio. Na kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe.

Mkimfikisha Murang'a au Maragua, mwambieni mganga saa ya ajali na vitambaa vingapi mlivyotia, na pakiti tupu mumpe. Saa ya ajali ina maana kubwa, kwa sababu iko dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, isaidiayo donge la damu lisiyeyuke. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, wa wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba yaokoa maisha. Lakini yapaswa kutolewa kabla muda wa saa 3 haujapita tangu kuumia.

Hapa mezani nimeweka paja la mbuzi kutoka kwa mchinjaji, nami nimelitoboa kwa kisu mpaka mfupani. Ziko shashi za kutosha. Nawaomba watu wawili waje mbele, mmoja ajaze jeraha na kubana, na mwingine aitazame saa.