Mbao Rahisi na Vidole Vyetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nairobi, juu ya kutengeneza vibao vya kuwekea vikombe)



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaifanya baada ya zamu, yaani kutengeneza vibao vya mbao vya kuwekea vikombe na glasi. Wanunuzi wapo. Ofisi na mahoteli ya katikati ya mji, na nyumba za Westlands, Kilimani na Lavington, hazipendi meza zao zipate alama za chai. Mbao nazo zapatikana Kawangware, Kangemi, Dagoretti Corner, na kando ya barabara ya Ngong ambako mafundi hupanga samani zao nje. Mshahara hautoshi, na shilingi ya pili lazima itafutwe. Sisi twataka itafutwe na mikono yenye vidole kumi.

Kwanza, mbao yenyewe. Wazee husema rahisi huvunja upishi. Lakini ubaya wa mbao hauko katika bei yake, uko katika mahali ilikotoka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, mbao zilipanda bei, na watu wengi wakageukia mabaki. Basi kabla ya kukata, tuulize: mbao hii ilikuwa wapi, nayo ilifanya kazi gani?

Sisi watu wa reli tuanze na la kwetu. Mataruma mengi ya reli ya zamani ni ya chuma, lakini kwenye madaraja na mahali njia zinapogawanyika yapo ya mbao. Mbao hizo hunyweshwa kreosoti, mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, ili mchwa wasizile. Taruma kuukuu ni mbao ngumu, nzuri kwa macho, na pengine huuzwa kwa bei ya kutupa. Tusilitengenezee kibao cha kikombe hata kidogo. Kreosoti huunguza ngozi, na imehesabiwa kati ya vitu viwezavyo kuleta saratani.

Vivyo hivyo nguzo zenye rangi ya kijanikijani. Hizo zimetiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Na hapa akina mama watusikilize: vipande vya nguzo hizo na vya mataruma visitiwe jikoni kupikia. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu pia. Mbao za milango ya kale zenye rangi zisipigwe msasa, kwa maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Paleti za mizigo zafaa, lakini tusome mhuri wake. Tangu mwaka wa 2002 kuna kanuni ya mataifa juu ya mbao za kufungia mizigo iendayo ng'ambo. Herufi HT maana yake ni kwamba mbao ilitiwa moto mpaka kiini chake kikafika digrii 56 kwa muda wa dakika 30. Hiyo ni njema. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya kuulia wadudu. Hiyo tuiache. Isiyo na mhuri, au yenye madoa na harufu ya dawa, tuiache pia, hata kama tumepewa bure.

Pili, hesabu. Mbao ya inchi 4 kwa 1, yenye urefu wa futi 10, hutoa vibao 29 vya inchi 4. Havifiki 30, kwa sababu msumeno hula karibu sehemu ya nane ya inchi kila ukatapo. Hizo ni seti nne za vibao sita, na vitano vya akiba. Mbao iwe kavu, ama kibao kitapinda na kikombe kitacheza. Pima kipande kwa mizani ya dukani, ukipime tena baada ya juma moja. Kama uzito umepungua, bado kina maji.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Watu hudhani kitu kidogo ni kazi ndogo. Sivyo. Ukitengeneza meza, mkono wako uko mbali na meno ya msumeno. Kibao cha kikombe ni kidogo kuliko kiganja, basi mkono unaokishika uko karibu na meno. Kwa hiyo piga randa na msasa mbao ikiwa bado ndefu, na kukata kuwe mwisho. Kipande kifupi kisishikwe kwa mkono mbele ya msumeno wa mashine, kwa maana meno hukirusha nyuma na kuuvuta mkono. Glavu na mikono mirefu ya shati visikaribie mashine inayozunguka.

Aliye na msumeno wa mkono atengeneze kizuizi. Chukua ubao wa inchi 8 kwa 10. Ubandike kipande cha mbao chini, mwisho mmoja, kikamate ukingo wa meza. Bandika kingine juu, mwisho wa pili, kizuie kazi isikimbie. Tumia gundi, usitumie misumari, msumeno usije ukagonga chuma.

Nne, vumbi. Mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa mwanadamu, hasa ya puani. Tupigie msasa nje, upepo ukiwa mgongoni, tukivaa barakoa ya vumbi iliyobana uso. Tusipigie msasa ndani ya chumba ambamo watoto wanalala.

Mwisho wa kazi tupake mafuta ya kitani. Mafuta machafu ya gari hayafai. Vitambaa vya kupakia visirundikwe kwenye pembe, kwa sababu mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo huweza kuwaka lenyewe. Vianikwe kimoja kimoja nje, au vitiwe majini.

Ndugu zangu, kazini tunazo sheria mbili za mwaka wa 2007, ya usalama na afya, na ya fidia ya majeraha. Mwajiri hulazimika kufunika mashine yenye hatari, na mfanya kazi aliyeumia kazini hudai haki yake. Lakini kidole kilichokatwa nyumbani Jumamosi hakina mwajiri wa kukilipia. Na Jumatatu kidole hicho kitahitajika kazini.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya mkutano: tuchange, tununue barakoa na majiliwa mawili ya kukazia mbao, viwekwe chini ya katibu, mwanachama aazime na kurudisha. Peke yetu tutanunua mbao rahisi tu. Tukiwa pamoja tutanunua na usalama.