Mashine ya Kisima Chetu
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo)



Kabla ya kuamua juu ya mchango wa mashine mpya ya kisima cha shamba letu Unguja, nimeombwa nieleze mashine ya dizeli ni kitu gani, na kwa nini ile ya kwanza ilikufa. Hilo la pili linanihusu mwenyewe, nami sitalikwepa.

Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Mashine yake ilifaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, mashine ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Leo nyingi hutumia dizeli itokanayo na mafuta ghafi, nzito kuliko petroli.

Mashine hii haina plagi ya kuwasha moto. Huvuta hewa tupu, kisha pistoni huishindilia mpaka ibaki kiasi cha sehemu moja katika 15 au 20 za ujazo wake. Hewa hiyo hupata joto linalozidi digrii 500. Hapo nozeli hurusha dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa lita moja hufanya kazi nyingi kuliko mashine ya petroli. Ndiyo maana tunaikuta katika malori, matrekta, meli, jenereta na vinu vya kusaga nafaka.

Lakini ina masharti yake. Matundu ya nozeli ni membamba mno, na vumbi au maji huyaharibu. Tena dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu yake. Ukiichanganya na mafuta ya taa, pampu hulika.

Mtakumbuka kuwa Unguja ilikosa umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na maji nayo yakawa shida. Tulichanga sisi wa Uingereza, Oman na Dubai, mashine ikanunuliwa. Hata majirani walikuja kuchota.

Mwaka wa pili mpwa wangu aliyeitunza alinipigia simu, akaomba fedha za oili, chujio na pipa safi la dizeli. Nilikuwa mtunza fedha wenu. Baada ya miaka mingi ya kupitisha hesabu serikalini, nilimjibu kwamba mashine mpya haidai matengenezo upesi hivyo, na kwamba alete hesabu kwanza. Akanyamaza kwa adabu. Miezi michache baadaye ilikwama ikiwa kazini. Fundi alipoifungua alikuta oili nzito kama lami, chujio limeziba, na maji ndani ya tangi.

Katika mkutano uliofuata wengine walisema kijana ni mzembe, nami nilikaa kimya. Leo nasema mbele yenu: kosa lilikuwa langu, naye namwomba radhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nililishika daftari, mali ikapotea.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, pamoja na fedha za kununulia, litengwe fungu la matengenezo la kila mwaka. Pili, anayeitunza anunue oili na chujio kwa wakati wake bila kungoja idhini yetu, kisha alete risiti. Tatu, mashine ikae mbali na nyumba, kwani mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kuwa moshi wa dizeli huleta saratani.

Vijana wametaja pampu ya umeme wa jua. Rai hiyo ni njema, na ichunguzwe. Lakini hata hiyo itataka mtu wa kuifuta vumbi, na jamaa wa kupokea simu yake anapopiga.