KINYAMA CHEKUNDU KIDOLENI: KISIDHARAULIWE, WALA KISIKATWE SHAMBANI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mali ya kwanza ya mwanachama ni mikono yake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu hutanguliwa na kazi ya kupogoa kwa mkasi. Mfugaji hukata miiba ya kuzungushia boma. Akina mama huchanja kuni na kupura mtama. Kazi zote hizo huchoma na kuchubua vidole, na katika chubuko dogo huweza kuota jambo linalowatia watu hofu kubwa, au linalodharauliwa kupita kiasi.

Siku au majuma machache baada ya jeraha huchomoza kinyama chekundu, laini, chenye kung'aa. Huanza kama punje ya mtama, hukua upesi kufikia harage, na pengine zabibu changa. Hakiumi sana, lakini kikiguswa kidogo tu hutoa damu nyingi. Si kila mgonjwa hukumbuka kuchomwa. Wengi hawakumbuki jeraha lolote.

Waganga hukiita granuloma ya payojeniki, maana yake uvimbe unaotoa usaha. Jina hilo lina makosa. Mwaka 1897 waganga wawili wa Ufaransa, Poncet na Dor, walidhani kuwa ni ugonjwa wa vimelea unaofanana na ule wa farasi, wakautumia jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kichala cha zabibu. Baadaye ilithibitika kuwa kinyama hiki si usaha wala si vimelea, bali ni mishipa midogo ya damu iliyoota kwa wingi mahali pamoja. Hakiambukizi, nacho chenyewe si saratani.

Hakitokei vidoleni peke yake. Watoto hukipata usoni. Wajawazito hukipata kwenye fizi, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua; kwa hiyo mganga aweza kushauri kungoja, mama akiendelea kupiga mswaki vizuri. Huota pia kando ya ukucha uliozama nyamani, juu ya kovu la moto, na kwa baadhi ya watu wanaotumia dawa fulani.

Na ichukuliwe mfano wa mpogoaji anayekikata kwa wembe kivulini mwa mti. Damu humwagika, kazi husimama, na shina lililobaki chini ya ngozi huchipua tena. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kile kipande alichokitupa vumbini.

Ndugu Wanachama, hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo haya. Ziko saratani zinazofanana kabisa na kinyama hiki. Melanoma, saratani kali ya ngozi, mara nyingine hukosa weusi wake na kuonekana nyekundu. Kwa watu weusi hupenda nyayo na chini ya kucha. Saratani ya Kaposi huweza kuwapata hasa wenye virusi vya UKIMWI. Wanachama wenye ualbino, wanaofanya kazi katika jua kali la nyanda hizi, wamo katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi, na kidonda chao kisichopona kisingojwe hata kidogo. Katibu mwema hapokei gunia la alizeti kwa kulitazama kwa macho. Hulipandisha kwenye mzani. Mzani wa kinyama ni maabara. Kipande kilichokatwa hutazamwa kwa hadubini, na hapo ndipo ukweli hujulikana.

Tiba yenyewe si ndefu. Mganga hutia ganzi, hukikwangua kinyama, kisha huunguza shina lake kwa umeme au kwa naitreti ya fedha. Au hukikata chote na kushona. Kwa watoto, hospitali nyingine hutumia matone ya timololi. Chaweza kurudi hata baada ya tiba njema, na mgonjwa asione aibu kurudi pia. Zahanati isiyo na vifaa hutoa rufaa kwenda hospitali, na kwa mambo mazito ya ngozi Tanzania ina kituo cha mafunzo cha kanda kilichoanzishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mwaka 1992.

Makatibu wanaombwa yafuatayo:

1. Ghala la chama liwe na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitambaa safi na bandeji.

2. Damu ikitoka, mkono uinuliwe na kitambaa kikandamizwe kwa nguvu dakika kumi, bila kufunuafunua.

3. Kinyama kisipakwe mavi ya ng'ombe, tumbaku wala maji ya betri.

4. Mwenye kinyama kinachokua au kutoa damu aende zahanati mapema, na aulize kama kipande kitapelekwa maabara, na majibu yatatoka lini.

5. Wapogoaji wahimizwe kuvaa glavu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwanachama anayeficha kidole chake mfukoni mbele ya karani wa mizani hapati faida yoyote. Akionyeshe kwa mganga. Kikiwa si kitu, atarudi shambani na moyo mweupe. Kikiwa ni kitu, atakuwa amewahi.