Kunuti ya Waliofungwa



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu. Ramadhani ikiingia nusu ya pili, imamu husoma kunuti kwenye witri nasi nyuma twaitikia "amin", wengine mawazo yashafika kwenye viatu mlangoni. Hebu leo tujiulize: kunuti ya Mtume (SAW) ilimtaja nani?

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba Mtume akiinuka kutoka kwenye rukuu aliwaombea watu watatu kwa majina: al-Walid bin al-Walid, Salama bin Hisham na Ayyash bin Abi Rabia, kisha wanyonge wengine wa waumini. Watatu hawa walikuwa wamefungwa Makka. Kosa lao? Walisilimu. Na waliowafunga walikuwa jamaa zao wa damu.

Mtazame Ayyash. Alishahama, yuko salama karibu na Madina pamoja na Umar (RA). Wakamfuata Abu Jahl na al-Harith, ndugu zake wa mama mmoja, wakamwambia mama ameapa hatachana nywele wala kukaa kivulini mpaka amwone. Umar akamwonya: hiyo ni hila, chawa wakimuuma atachana, na jua la Makka likimchoma atatafuta kivuli mwenyewe. Akamwahidi hata nusu ya mali yake asirudi. Lakini mama ni mama, jamani. Ayyash akarudi, na njiani wakamfunga kamba wakamwingiza mjini mchana, watu wanaona.

Al-Walid naye, nduguye Khalid, alitekwa Badr, akakombolewa, kisha ndipo akasilimu. Jamaa zake wakamfunga. Sira yasimulia kwamba alipotoroka akafika Madina, Mtume aliuliza nani atawaleta waliobaki, na al-Walid akarudi kule kule alikotoroka. Alimfuata nyuma mwanamke aliyebeba chakula cha wafungwa mpaka akaijua nyumba. Usiku akaruka ukuta, akaweka jiwe chini ya pingu, akazikata kwa upanga. Wawili wakatoka, Ayyash akiwa mmoja wao. Mtume aliiacha dua ile walipokwisha kufika.

Sasa, ndugu msomaji, nina neno ambalo huenda baadhi yenu mkaninunia. Mwaka 2014 mahakama mjini Khartoum ilimhukumu kifo Meriam Ibrahim kwa kuritadi. Babake Muislamu, yeye asema alilelewa na mamake katika Ukristo. Alijifungua gerezani, minyororo miguuni. Mawakili wa Kisudani walimtetea, watu wa nchi nyingi wakapaza sauti, na mwezi wa Juni mwaka ule ule akatoka. Mwaka 2020 Sudan iliifuta adhabu ile ya kifo. Mashekhe wana kauli zao kuhusu mwenye kuritadi, nami si shekhe wa kuwaamulia. Lakini aya ya 256 ya Suratul Baqara yakataza kulazimishana katika dini, na mtu anayetamka imani kwa kuogopa kamba, mwajua wenyewe tunamwitaje. Tukimlilia Ayyash, tutamnyamazia vipi huyu mama?

Tufanyeje basi? Wapo wanaoandika barua. Shirika la Amnesty International lilianza London mwaka 1961 kwa kazi hiyo hiyo, kuwatetea wafungwa wa dhamiri kwa kuwataja majina. Andika kwa ubalozi wa nchi inayomshikilia mtu, kwa adabu, bila matusi. Kwanza hakikisha habari, usisambaze uvumi. Na jamaa zake au wakili wake waulizwe, maana pengine kelele zetu humzidishia adhabu yule aliye ndani.

Na hapa kwetu? Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini. Lakini nyumbani hakuna askari wa katiba. Yupo kijana aliyesilimu, akafungiwa chumbani au akatolewa nje na nguo zake. Siku ya shahada tulimpigia takbiri, tukampiga picha. Jioni hii anafuturu wapi? Mtafute kabla ya adhana ya Magharibi. Na imamu wa msikiti wako, mwendee baada ya Alasiri, umpe jina la mfungwa mmoja wa kuombewa kwenye kunuti ya usiku wa leo.

Wabillahi tawfiq.