Meza Moja na Watu Usiowajua

Ninyi mlio darasani, fungueni ukurasa huu, mfuatishe kwa macho ninaposema. Nitakwenda polepole.

Leo tutazungumza juu ya chakula cha usiku katika meli ya matembezi. Meli ya matembezi huchukua watu wanaosafiri kwa kustarehe. Huwazungusha bandari kwa bandari, kisha huwarudisha. Safari nyingi ni za siku 7. Watu wa Mombasa na Unguja huziona meli hizo zikitia nanga. Tena wako vijana wa Kenya wanaofanya kazi ndani yake.

Meli kubwa huchukua abiria 3,000 na zaidi. Ukumbi wa kulia hauwatoshi wote kwa mara moja. Kwa hiyo, katika utaratibu wa zamani, watu hula kwa zamu mbili: zamu ya kwanza kiasi cha saa 12 jioni, na ya pili kiasi cha saa 2 na nusu usiku. Kila abiria hupewa namba ya meza. Meza huwa ya watu 6, 8 au 10. Ukisafiri peke yako, utakaa na watu usiowajua, na mtakuwa pamoja kila usiku mpaka mwisho wa safari.

Kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza mwaka 2000 kuwaachia abiria wachague saa na meza, na nyingine zikafuata. Lakini meza ya kushirikiana ingaliko katika meli nyingi.

Wazee watakumbuka treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa, kabla ya reli mpya kufunguliwa mwaka 2017. Huko nako abiria waliitwa kula kwa zamu, na mtu alikaa na yeyote.

Basi, usiku wa kwanza umefika. Unaona uma na visu vingi mezani, na nyuso ngeni. Utafanya nini?

Kwanza, fika kwa wakati. Wahudumu huleta chakula cha meza nzima pamoja. Ukichelewa, unawachelewesha wote, na zamu ya pili inangoja mlangoni.

Pili, salimu, utaje jina lako, uulize majina yao. Usingoje mwingine aanze. Huenda naye anakungoja wewe.

Tatu, usiogope vyombo. Anza na vile vya nje, uende ndani. Ukisahau, mtazame jirani. Mtu akikosea, usimcheke. Hakuna aliyezaliwa na uma mkononi.

Nne, chagua maneno. Uliza, "Leo mmetembea wapi?" Usiulize, "Umelipa nauli kiasi gani?" Vyumba viwili vilivyo sawa huweza kuuzwa kwa bei mbalimbali, kwa kuwa mmoja alinunua mapema na mwingine siku za mwisho. Ukiuliza, mmoja atajiona amepunjwa, na chakula kitamkaa kooni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiini cha somo. Tuseme meza yenu ni ya watu 8. Mmoja ni mama mjane anayesafiri peke yake. Hasikii vizuri, kwa hiyo hanyamazi kwa kiburi. Hanyamazi kwa hasira. Anakosa tu maneno yenu. Usiku wa pili, watu wawili hawaji. Usiku wa tatu, wengine wawili wamehamia meza yenye vicheko. Hakuna aliyeaga. Mama yule anavitazama viti 4 vitupu. Atafikiri nini? Atafikiri, "Wamenikimbia mimi." Usiku wa nne atakula chumbani mwake, peke yake, katikati ya watu 3,000.

Kuhama si kosa. Kama meza haikufai, mwendee msimamizi wa ukumbi mapema, umwombe kwa upole. Hiyo ni kazi yake. Lakini waage wenzako. Na ukibaki, kaa karibu na yule asiyesikia, umtazame usoni, useme taratibu. Jambo hilo halina gharama, nalo laweza kumwokolea mtu safari yake yote.

Ndugu zangu, adabu hii si ngeni kwenu. Mnapokula sinia moja, kila mtu hula upande wake. Nyama hupewa mgeni. Mkubwa hamalizi upesi, ili watoto wasione haya kuendelea. Meza ya melini ina vitambaa vyeupe, lakini kanuni yake ndiyo hiyo: mtazame mwenzako kabla ya sahani yako.

Haya, maneno ya kuandika leo ni haya: zamu, mhudumu, msimamizi, nauli, kuaga. Yaandikeni mara tatu tatu.

Na maswali ya kujadiliana ni haya:

1. Kwa nini abiria hula kwa zamu mbili?

2. Kwa nini si vizuri kuuliza nauli ya mwenzako?

3. Katika darasa lenu, ni nani anayekaa peke yake? Mtafanya nini juma hili?

Swali la tatu msilijibu kwa kalamu. Lijibuni kwa kiti.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.