Kulegeza Bolti Zilizoshikwa na Kutu katika Magari ya Zamani

Bolti ya gari la zamani hukataa kufunguka kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na hata zaidi. Kutu hiyo hujaza mwanya mwembamba kati ya nyuzi za bolti na za nati, ikakaza kama kabari. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, chumvi iliyomo katika upepo wa bahari huharakisha ulaji huo. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, huweza kushushwa bandarini likiwa limeshaliwa uvunguni.

Bolti nyingi hukatwa na papara. Bolti ya M8 yenye alama 8.8 kichwani hukazwa kwa takriban newtonimita 25. Fundi akiongezea spana bomba hadi mkono ufike sentimita 50, kisha akavuta kwa uzito wa kilo 20, anapeleka karibu newtonimita 100. Bolti haina pa kukimbilia.

Kwa hiyo kazi ianze kwa brashi ya waya. Nyuzi zilizotokeza nje zisuguliwe kwanza, maana nati lazima ipite juu yake. Mafuta ya kupenya kutu yatiwe tangu jioni na yarudiwe asubuhi, huku kichwa cha bolti kikigongwa kwa nyundo ili mshtuko uipasue kutu. Mafuta ya breki yanayotumiwa gereji nyingi huharibu rangi ya gari na hayastahili kazi hii. Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hula kona za kichwa.

Bolti ikazwe kidogo kwanza, ndipo ilegezwe. Ikisogea robo mzunguko, irudishwe, itiwe mafuta, isogezwe tena. Mkono ndio unaotoa taarifa: bolti inayoachia hulia kwa mlio mkavu na kusogea kwa kushtuka, ilhali inayokaribia kukatika huzunguka laini, kana kwamba imelainika. Ulaini huo ukisikika, spana iondolewe mara moja.

Moto ndio dawa kubwa zaidi, mradi uelekezwe kwenye nati. Nati ya M10 ikipanda joto kwa nyuzijoto 300, tundu lake hutanuka kwa takriban milimita 0.04, kiasi cha kutosha kuvunja mshiko wa kutu. Bolti za eksozi hutii njia hii kuliko nyingine yoyote. Lakini moto usikaribie tangi la mafuta, mipira ya breki wala shokapu zenye gesi, na sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini isichomwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake hugeuka gesi ya sumu.

Bolti ya mkono wa chini wa gurudumu ina shida yake. Kutu huiunganisha na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Kichwa huzunguka kidogo kisha kikarudi, kwa sababu mpira ndio unaojipinda. Hapo ni bora kuikata bolti pande zote mbili za bushi kwa msumeno au diski nyembamba ya grainda, kisha kufunga bushi na bolti mpya. Kupigana nayo ni kupoteza siku.

Bolti iliyokatika ikiacha kisiki, nati huchomelewa juu yake, na joto la kuchomelea lenyewe husaidia kulegeza. Kisiki kikizama, kitobolewe katikati kabisa. Kama nyuzi za tundu zimeharibika, tundu la M8 lenye hatua ya 1.25 hutiwa drili ya milimita 6.8 na kuchongwa upya kwa tepu, iwapo chuma kinatosha.

Wakati wa kufunga, nyuzi zisafishwe na kupakwa grisi ya shaba, na nguvu ya kukazia ipunguzwe kwa kuwa grisi hupunguza msuguano. Nati za magurudumu zifungwe kavu.